Maisha Yetu Miaka ya 1956 Hata 1960: Maneno Yaliyosemwa Siku ya Yubilei



Tumeagizwa kusema mbele yenu habari za maisha ya kila siku katika nchi hii ya Uluguru ile miaka ya mwisho kabla ya uhuru: bei za vitu, michezo na furaha zetu, na habari za ulimwengu jinsi zilivyotufikia. Tulioyaona mambo yale na tungali hai tu wachache, na kumbukumbu yetu yapungua kama mafuta katika taa. Kwa hiyo twashukuru kuombwa, nasi twatii.

Walakini kabla ya kuanza, twapenda kutoa onyo moja. Mzee akisimulia ujana wake hupenda kuupaka asali. Vijana hutuuliza, "Je, ni kweli kwamba zamani kila kitu kilikuwa rahisi?" Nasi hujibu upesi, "Naam, senti kumi ilikuwa fedha." Jibu hilo ni nusu ya kweli. Leo, kwa kuwa tu nyumbani mwa Mungu na siku yenyewe ni ya yubilei, twataka kusema na nusu ya pili.

Kwanza habari ya fedha. Fedha yetu wakati ule ilikuwa moja kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Shilingi moja ilikuwa senti 100, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza. Shilingi na thumuni, yaani senti 50, zilikuwa na sura ya simba mbele ya milima. Senti 1, senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, na pembe mbili za ndovu kandokando ya tundu. Tundu hilo lilitufaa sana, maana nguo zetu nyingi hazikuwa na mifuko. Mama zetu walizitunga senti katika uzi kama shanga, wakaufunga uzi katika pindo la kanga. Mtu aliweza kujua hali ya nyumba kwa kuutazama urefu wa uzi ule.

Vitu vilipimwa kwa ratili, kwa kibaba na pishi, na kwa debe. Nguo ilipimwa kwa yadi, na kanga zikauzwa kwa doti. Katika duka la Mhindi mche wa sabuni ulikatwa vipande, na mafuta ya taa yalimiminwa kidogo kidogo katika chupa ya mnunuzi. Sukari na chumvi zilifungwa katika karatasi za magazeti ya kale, hata mtoto aliyejua kusoma alisoma habari za mwaka uliopita huku akirudi nyumbani. Barazani alikaa fundi na cherehani yake, na watu waliosubiri nguo zao waliongea naye habari zote za mji. Mwenye baiskeli alihesabiwa kuwa mtu mwenye mali. Taa ya chemli ilikuwa kwa mwalimu na kwa katekista. Wengi wetu tulisoma kwa koroboi, na asubuhi pua zetu zilikuwa nyeusi kwa moshi.

Haya ndiyo wanayoyasikia vijana wetu, wakasema, "Heri ninyi, kwani kipande cha sabuni kilipatikana kwa senti." Lakini bei ya kitu haijulikani kwa kutaja senti zake tu. Sharti mtu aulize tena: je, senti hizo zilipatikanaje?

Njia zilikuwa mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kushuka bondeni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Huko mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyoimaliza kazi yake iliandikwa. Akiugua au akipungukiwa siku, kipande hakikujaa. Na kipande kisipojaa, mshahara ulikawia. Njia ya pili ilikuwa kuuza mazao ya milimani. Wakina mama walitoka usiku na mizigo ya ndizi, maharage na mboga vichwani, wakateremka kwa njia zenye utelezi ili wafike sokoni Morogoro kulipopambazuka. Asubuhi bei ilikuwa nzuri. Jua lilipopanda, bei ilishuka, maana mnunuzi alijua vema kwamba mama yule hataubeba mzigo ule ule kuupandisha mlima tena. Alingoja tu. Ndivyo mkungu ulioitwa mali asubuhi ulivyotolewa kwa senti chache alasiri.

Kadhalika mahindi. Wakati wa mavuno tuliyauza kwa debe, kwa kuwa kodi ilitungoja na madeni yalitungoja. Wakati wa njaa tuliyanunua tena kwa kibaba, na vibaba vyote vilivyo katika debe moja, ukivijumlisha bei zake, vilipita mbali fedha tuliyopewa. Mtu asidhani basi kwamba maisha yalikuwa rahisi kwa sababu namba zilikuwa ndogo. Namba zilikuwa ndogo pande zote mbili.

Tena tukumbuke kwamba miaka ile ilifuata mashaka makubwa. Tangu mwaka 1950 serikali iliwalazimisha watu wa milima yetu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Nia yaweza kuwa njema, lakini kazi ilikuwa nzito, na watu waliona mashamba yao yakiharibika. Mwezi wa Julai 1955 palitokea ghasia huko Matombo, na baadaye mpango ule ukaachwa. Kwa hiyo tulipoingia mwaka 1956, watu walikuwa wamechoka, tena walikuwa wameanza kuuliza maswali.

Sasa twapenda kusimulia jambo la nyumba yetu wenyewe, si kwa kujisifu wala kwa kumlaumu mtu, bali kwa kuwa lilitokea katika nyumba nyingi. Mwaka 1957 walikuwako nyumbani kwetu watoto wawili walioshinda mtihani wa darasa la nne, msichana na mdogo wake mvulana. Mvulana ndiye anayesema nanyi leo kwa niaba ya wenzake. Kuendelea mpaka darasa la nane kulihitaji kwenda shule ya kati na kukaa bweni. Na bweni lilitaka karo, na blanketi, na sare, na sabuni. Mjomba wetu, ambaye kwa desturi ya Kiluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikaa na mama yetu usiku mmoja, wakahesabu. Hawakuhesabu kwa shilingi. Walihesabu kwa mizigo: ndizi mizigo kadhaa, maharage mizigo kadhaa, na siku ngapi za kushuka mlima. Mama akaufungua uzi wake, senti zikalala mkekani. Hesabu ikatosha mtoto mmoja.

Msichana ndiye aliyekuwa na alama nyingi zaidi. Mvulana ndiye aliyekwenda. Dada yetu hakulia mbele yetu. Juma lile lile alianza kushuka mlima pamoja na mama, na mizigo yake ikawa sehemu ya karo yetu. Hiyo ndiyo bei ya masomo yetu, na haikuandikwa katika stakabadhi yo yote.

Sasa tuseme habari za furaha, kwani Mungu hakutuacha bila furaha. Baada ya mavuno ngoma zililia usiku wa mbalamwezi kutoka mlima hata mlima. Wazee walicheza bao kimya kimya, na watazamaji ndio waliopiga kelele. Jumapili baada ya Misa, iliyosomwa kwa Kilatini na ambayo watoto waliiitikia kwa sauti kuu pasipo kufahamu nusu yake, palikuwa na mpira katika uwanja wa misioni. Wachezaji walikuwa miguu mitupu, na mwalimu mwenye firimbi aliogopwa kuliko mkuu wa wilaya.

Mjini Morogoro ilikuwako dansi. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba waliimba kwa Kiswahili nyimbo zenye mwendo wa santuri za kutoka Cuba, na bendi ya Morogoro Jazz ilishindana nao, hata mji ukagawanyika pande mbili. Mapadre hawakuipenda dansi ile. Sisi tuliipenda. Tulisimama nje ya ukuta tukasikiliza, na Jumamosi iliyofuata tukaungama.

Mara chache lilikuja gari la sinema la serikali. Shuka jeupe lilitundikwa, mashine ya umeme ikanguruma, na kijiji kizima kikakaa chini, wengine mbele ya shuka na wengine nyuma yake. Aghalabu tulionyeshwa picha za kutufundisha: usafi, mbu, kilimo. Lakini zilikuwako pia picha za hadithi kwa Kiswahili. Moja iliitwa Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashid Kawawa. Nani aliyejua siku ile kwamba kijana yule, mwezi wa Januari 1962, atakuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika?

Kuhusu habari za ulimwengu, zilitufikia kwa njia tatu: kwa miguu, kwa karatasi, na kwa redio. Kwa miguu zilikuja pamoja na wakina mama waliotoka sokoni na vijana waliotoka Dar es Salaam kwa gari moshi. Hizo ndizo zilizofika kwanza, nazo ziliongezeka njiani. Kwa karatasi tulipata Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, na Kiongozi, gazeti la Kikatoliki lililopigwa chapa Tabora tangu mwaka 1950. Nakala moja ilitosha kijiji. Mwalimu aliisoma kwa sauti baada ya Misa, akatafsiri kwa Kiluguru kwa ajili ya wazee, kisha nakala ikaenda nyumba hata nyumba mpaka kurasa zikalegea.

Redio ilikuwa kitu kipya. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Tarehe 27 Juni 1957 London nako walianza kutangaza kwa Kiswahili. Kwetu mwenye redio alikuwa mmoja, mtu wa duka. Betri yake ilikuwa ghali, kwa hiyo aliifungua saa ya habari tu, na mtu aliyekohoa alitazamwa vibaya. Habari zikiisha, aliifunga. Ndipo yalipoanza mazungumzo, nayo yalikuwa marefu kuliko habari zenyewe.

Pale ndipo tulipoisikia habari ya Ghana, iliyopata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Mwalimu alileta ramani ya shule, akatuonyesha nchi ile ilivyo ndogo. Watu waliuliza mengi: wana mfalme? wanalima nini? Dada yetu, aliyekuwa ameketi nyuma na wakina mama, akauliza, "Na wanawake wa huko, walipiga kura?" Mwalimu hakujua. Alikwenda kumwuliza Padre, na Jumapili ya pili akarudi na jibu mbele ya watu wote: ndiyo, wanawake nao. Wakina mama walitazamana. Twalikumbuka swali lile kuliko habari yenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1957 tulisikia kwamba Warusi wamerusha kitu kinachoizunguka dunia, na watoto tulilala chali uwanjani tukitazama nyota, tusione neno. Tarehe 9 Oktoba 1958 Baba Mtakatifu Pio XII alifariki, na tarehe 28 ya mwezi ule ule Yohane XXIII akachaguliwa. Zamani habari kama hiyo ilichukua majuma mengi kufika milimani. Safari hii redio ilitangulia, na kengele ya misioni ikafuata. Hata tarehe 28 Machi 1960 Laurean Rugambwa, mwana wa Tanganyika, alipofanywa Kardinali, wa kwanza katika Waafrika, watu wasiokuwa Wakristu walikuja kutupa mkono.

Lakini habari iliyogusa kila nyumba ilikuwa ya uchaguzi. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, ikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Uchaguzi ulifika kwetu mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Katika Mkoa wa Mashariki, ambao Uluguru ilikuwa ndani yake, Julius Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, mwenyeji wa milima hii. Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600, na Kunambi kura kama 800. Zitazameni hesabu hizo, ndugu zangu. Mkoa mzima, na kura za Waafrika hao wawili hazifiki elfu nne!

Sababu ni sheria yenyewe. Mwenye haki ya kupiga kura alikuwa mtu mzima mwenye mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au mwenye masomo ya miaka minane, au mwenye cheo fulani. Mjomba wetu, ambaye watu walimwendea kwa shauri kutoka mbali, hakuwa na kura. Mama yetu hakuwa na kura. Mwalimu alikuwa nayo. Mwaka ule ule mahakama ilimtoza Nyerere faini kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika gazeti la Sauti ya TANU, na faini yenyewe ilikuwa shilingi 3,000, sawasawa na mapato yaliyompa mtu haki ya kura. Wengi waliochanga hawakuwa na haki hiyo.

Nasi tuliokuwa shule ya kati tuliambiwa na wenzetu, "Mkimaliza darasa la nane, mtakuwa watu wenye kura." Ndipo tulipofahamu mizigo ile ya mlimani ilikuwa imenunua nini, na ilikuwa imemnunulia nani.

Wapenzi, tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ulikuja, na mwaka 1962 watu wazima wakamchagua Rais bila kuulizwa mali zao wala masomo yao. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa fedha mpya, na senti zenye tundu zikaondoka. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikafutwa. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu walioweza kusoma wakaombwa wawafundishe wasioweza. Dada yetu alikuwa na darasa la nne tu, lakini hakuacha kusoma hata siku moja. Kila karatasi ya sukari ilipita machoni pake. Akajitoa kufundisha. Darasa lake lilikuwa chini ya paa la kigango, jioni, baada ya jembe.

Katika wanafunzi wake alikuwamo mjomba wetu, mzee sasa, na macho yake yamefifia. Alihudhuria miezi mingi. Siku alipoandika jina lake lote pasipo kusaidiwa, aliliweka kalamu chini, akamtazama mpwa wake, akasema, "Mwanangu, mimi nilikosea hesabu." Dada yetu akamjibu, "Mjomba, hesabu uliipiga sawa. Fedha ndiyo iliyokuwa haba." Haya aliyasema kwa adabu, nasi twaamini aliyasema kwa moyo. Walakini sisi tuliokwenda shule kwa mizigo yake hatukupata kamwe neno la kumwambia lililotosha.

Basi ninyi walimu, na ninyi wazee wa parokia, sikieni neno letu la mwisho. Kanisa hili tunalolifanyia yubilei lilijengwa kwa senti za tundu. Wakina mama walizivua katika uzi na kuzitia kikapuni Jumapili, wao ambao sheria haikuwahesabu wala daftari ya shule haikuwaandika. Tukiwasifu wamisionari waliovuka bahari, na iwe hivyo, kwani wamestahili. Lakini tuwasifu na hao waliopanda na kushuka mlima.

Tena siku hizi watu husema kwamba shule ni bure, na kweli tangu mwaka 2016 karo imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Hata hivyo sare hainunuliwi kwa maneno, wala daftari, wala nauli. Wakati huu tunaponena, katika nyumba fulani ya parokia zetu mama na mjomba wamekaa usiku, wanahesabu, na hesabu yatosha mtoto mmoja. Twaomba kila kigango kiijue nyumba hiyo kabla ya asubuhi. Isiwe yubilei yetu ni nyimbo na chakula tu.

Na mtu akiwauliza tena kama zamani vitu vilikuwa rahisi, mjibuni kwa upole: vilikuwa rahisi kwa namba, na palikuwa na mtu aliyelipa zilizobaki. Mwulizeni kama amjua ni nani nyumbani kwao. Akimjua, na aende akamshukuru maadamu yu hai. Na kama amekwisha kufa, amwombee katika Misa ya leo.

Mungu awabariki nyote, awalaze pema wote waliotutangulia. Tumsifu Yesu Kristu.